Mama wa Kichanja na Moshi wa Ng'ambo

Nianze na pua yake. Popote mjini Kasongo ukimtaja yule mama, sokoni au pale tunapopanga pikipiki zetu sisi motari tukingoja abiria, watu wanashika pua zao na kuanza kucheka. Ilikuwa pua pana, imekaa usoni kama mwenye nyumba, na chini yake hapakosekani alama ya tumbako. Pua ile ilijua habari kuliko redio. Nikirudi safari, sijashuka hata kwenye pikipiki, yeye yuko upande wa pili wa ua: "Baba Mwamini, ulikula kwa watu leo. Mbuzi. Na mawese yao ilikuwa ya zamani." Mke wangu anasikia, anatoka jikoni, ananitazama. Basi siku hiyo chakula chetu nakila kwa adabu sana hata kama tumbo limejaa.

Sisi wote tulimwita Mama wa Kichanja. Jina lake la nyumbani nalijua, lakini sijawahi kulitumia akiwa mbele yangu na sitaanza leo. Nyuma ya nyumba yake, ukuta hadi ukuta na mimi, isipokuwa ua wa matete katikati, alikuwa na vichanja vitatu: fito zimelazwa juu ya miti minne, samaki wamepangwa juu, moto wa polepole chini. Samaki ni kambale wa Lualaba, wanaletwa kwa baisikeli kutoka mtoni asubuhi wakiwa bado wanatikisa mikia. Anawapasua, anawakunja mkia mdomoni, anawapanga, anakaa kwenye kigoda chake. Wakikauka, mimi ndiye nilikuwa nawafunga kwenye vikapu na kuwapeleka Salamabila, kwa wachimba dhahabu. Wachimbaji wale wanakula, hawaulizi maswali.

Kichanja ndicho kilimsomeshea watoto baada ya mumewe kufa, na watoto walipoondoka kikaanza kusomesha wajukuu. Ulikuwa ukimuuliza habari za nyumbani anajibu, "Moto unawaka." Yaani wote wazima.

Sasa sikia vituko. Mtu huyu aliyekaa ndani ya moshi maisha yake yote alikuwa hawezi kuona mtu anavuta sigara. Wallahi, alikuwa anafukuza. Motari mwenzangu mmoja alikuja kuchukua mzigo na sigara mdomoni, akamwagiwa maji ya kuoshea samaki, shati na suruali. "Mwenyezi Mungu alikupa kifua ya kupumua," akamwambia, "wewe unafanya bomba." Yule kijana akamwonyesha vichanja vitatu vinavyofuka nyuma yake, maskini, alidhani amepata jibu. Mama akasema, "Mimi niko kazini. Wewe uko kwenye upumbavu." Na palepale akachota tumbako kwenye kikopo, akavuta puani, akapiga chafya mbili.

Alikuwa pia na miwani ya jua. Kubwa, nyeusi, kioo kimoja kina mkwaruzo. Nilimletea mimi kutoka Salamabila baada ya kunisumbua mwezi mzima, kwamba moshi unamla macho. Tangu siku hiyo hakuivua. Alikuwa akienda nayo sokoni, akienda nayo matangani, na Idi mmoja alitaka kuingia nayo kwa Shehe kutoa salamu hadi binti zake wakamnyang'anya mlangoni. Umri wake ulikuwa unabadilika kwa kadiri ya mtu anayeuliza. Akiuliza mchumba wa mjukuu, yeye ni mzee anayestahili kuheshimiwa. Akiuliza mchuuzi mwanaume mwenye sura nzuri, amezaliwa juzi.

Na asidanganywe mtu kwamba alikuwa malaika. Kwenye kikapu alikuwa anapanga kambale wanene juu, na wale wembamba kama vidole anawaficha chini. Nilimwambia siku moja, mama, watu wa Salamabila wananilaumu mimi. Akasema, "Uwaambie hata familia iko hivyo. Wakubwa wanakaa mbele wageni wawaone." Nilipeleka jibu hilo, wachimbaji wakacheka, wakanunua tena. Mimi ningesema maneno hayo kama yangu ningepigwa.

Lakini nilitaka kueleza habari ya moshi.

Kwetu kiangazi kikikolea, mwezi wa saba na wa nane, mbingu inafungwa. Si mawingu, maana mvua haiko. Ni kitu cha rangi ya maziwa yaliyoingia majivu, kinakuja kutoka upande wa mashariki na kukaa juu ya mji wiki nzima, wiki mbili. Jua la saa kumi unalitazama kwa macho makavu, jekundu, halikuumizi. Ndege ndogo inayotuletea dawa na bidhaa inazunguka juu, unaisikia tu, halafu inarudi ilikotoka. Wanawake wametandaza mpunga kwenye maturubai, haukauki vizuri, na mnunuzi anashika punje, anaikata kwa jino, anakunja uso ili ashushe bei. Sisi motari tunawasha taa mchana. Mwaka mmoja karibu nimgonge mtu wa baisikeli na madumu yake ya mawese, tukabaki tumesimama tunatazamana, kila mmoja anamtukana mwenzake kwa woga. Na kifua! Watoto, wazee, wote wanakohoa. Kwenye kituo cha afya foleni inatoka nje hadi barabarani. Mama anayekaa foleni siku nzima na mtoto hakulima siku hiyo wala hakuuza, na akirudi ananunua sirapu ya kifua badala ya sabuni.

Sisi tulizoea kusema ni kiangazi tu. Ni Mama wa Kichanja aliyekuwa anakataa. Anasimama uani, anavua miwani, anainua ile pua yake juu.

"Hii haiko moshi ya hapa," anasema. "Moshi ya karibu inauma macho, na inaangusha majivu juu ya nguo. Hii haiumi macho, haina majivu, inashuka moja kwa moja kifuani. Hii imetembea sana. Imechoka."

Mimi nikamuuliza kwa utani kama moshi nao unapanda pikipiki. Hakucheka. Akasema, "Wewe si unaenda huko? Ulize. Kila mahali unaposimama uwaulize: nani anachoma?"

Basi nikawa mtume wake. Mjini Kabambare nikawauliza wawindaji, wazee wenye mbwa wao, wameketi kando ya barabara. Wakasema ndiyo, tunachoma nyasi kidogo, panya wa porini watoke, lakini moto wetu unazimika siku ileile. Huu unatoka ziwani. Walikasirika hata, walidhani nimetumwa na serikali. Salamabila nikamkuta mchuuzi anayeleta chumvi na dagaa kutoka pwani ya ziwa Tanganyika. Akaniambia kwao ziwani kiangazi wanaamka hawaoni milima, mitumbwi inapotea, na moshi unakuja juu ya maji kutoka ng'ambo, kutoka nchi nyingine kabisa, ambako misitu mikubwa inachomwa kwa ajili ya mashamba na mkaa na asali. Upepo wa kiangazi unausukuma huku kwetu.

Nikamletea habari hizo. Alizipokea kama mtu anayepokea salamu za ndugu aliyepotea. "Si nilisema?" akawa anasema, mara tatu. "Si nilisema?" Halafu akasema: "Mimi sitaki ugomvi na watu wa ng'ambo. Nao wanatafuta kula. Nilitaka tu mutu mumoja wao akuje akae hapa kwangu siku moja, aone. Mutu akikuja kuona, hata kama hana la kufanya, wewe unapona nusu."

Kwa hiyo mimi nilijua. Kumbuka hilo, kwa sababu sasa nitakueleza jambo langu la aibu.

Binti yangu Mwamini alikuwa hajafikisha miaka miwili. Kiangazi kile kilikuwa kibaya kuliko vyote nilivyoona. Mtoto akaanza kukohoa, kisha kifua kikaanza kulia, filimbi kila akivuta pumzi, mbavu zinaingia ndani. Tulienda kwa infirmiye, muuguzi mkuu wa kituo chetu, akampa dawa, akapata nafuu siku mbili, ikarudi. Mke wangu alikuwa anambeba mgongoni anazunguka naye uani, na kila akigeuka upande wa matete anaona ule moshi wa vichanja unapenya na kuja kwake. Alinitazama tu. Mwanaume mwenye mtoto mgonjwa anatafuta mtu wa kumkamata shingo, na ng'ambo ya ziwa ni mbali. Jirani yuko hapa.

Shefu wa kartie, mtaa wetu, akaita mkutano kwake. Si mtu mbaya, yule shefu. Mjukuu wake naye alikuwa anakohoa. Watu wakajaa, Shehe akiwepo, infirmiye akiwepo na koti lake jeupe. Mama wa Kichanja alikaa mbele na miwani yake, anamenya karanga. Nikasimama mimi. Hakuna aliyeniita. Nikasema, "Huyu mama anakausha samaki, na watoto wetu anawakausha pamoja nao. Anasomesha wajukuu wake kwa vifua vya watoto wetu."

Watu wakasema eeeh. Mke wangu akainamisha kichwa. Yule mama hakugeuka kunitazama. Alimenya karanga moja, akaitia mdomoni.

Shefu akasafisha koo. "Mama, wazee walisema pafukapo moshi pana moto. Na moto kubwa katika kartie hii iko kwako. Nasikia uchungu kusema, lakini vichanja vitoke. Vitoke kabisa."

"Shefu, wazee walisema kweli," akajibu. "Moto iko. Lakini iko wapi? Munipe siku tatu. Mimi nitazima zote tatu. Lakini na nyinyi muzime! Kila jiko, kila nyumba, kartie nzima, siku tatu, hata chai hakuna. Siku ya tatu kama mbingu imefunguka, mimi mwenyewe nitavunja vichanja, na fito nitamuletea shefu achemushie maji ya kuoga. Kama haikufunguka, mutaniacha na kazi yangu."

Pakazuka kelele. Siku tatu bila ugali? Mzee mmoja akasema huo ni ujinga, bora kukohoa. Lakini infirmiye akasema yeye angependa kuona. Shehe akasema kufunga tunajua, tutashindwaje na hili. Shefu akakubali.

Asubuhi yake kartie ikanyamaza. Hujui sauti ya jiko mpaka izimwe. Hakuna kinu kinachotwanga, hakuna kuni zinazopasuliwa, hakuna harufu ya vitunguu. Tulikula ndizi mbivu, karanga, mananasi, muhogo uliopikwa jana yake ukiwa baridi kama jiwe. Shefu mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba kukagua majiko, anatia kidole kwenye majivu. Alimkamata mkewe akipasha maji nyuma ya choo. Kilichosemwa pale sikukisikia, lakini shefu alitoka haraka kuliko alivyoingia.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, na mtu wa kwetu angepaswa kulifikiria. Kwetu nyumba ikifiwa haiwashi moto. Jiko la wafiwa linakaa baridi siku tatu, majirani ndio wanapika na kuleta. Kila mtu Kasongo analijua hilo tangu ananyonya. Basi watu wa kartie ya pili wakatazama kwetu adhuhuri, hawaoni moshi hata wa jiko moja. Hawasikii kinu. Nyumba moja ikizima, kafa mtu. Kartie nzima ikizima, je? Kafa mtu mkubwa! Na sisi mtu wetu mkubwa ni nani? Ni Shehe.

Wakaja. Mama yangu weee, walikuja! Wanawake mbele na sufuria za wali vichwani, sombe ya majani ya muhogo, maharage, kuku wazima, wanaume nyuma wamevaa kanzu, wengine wanalia kweli, kwa sababu Shehe alipendwa. Mzee mmoja amebeba sanda mpya begani. Wakaingia moja kwa moja uani kwa Shehe, wakamkuta ameketi kwenye mkeka anakula ndizi.

Yule mzee wa sanda akaangalia sanda, akaangalia Shehe, akaificha nyuma ya mgongo. Shehe akameza ile ndizi polepole. "Asalam aleikum," akasema. "Nani alikufa?"

Tulicheka mpaka mwanamke mmoja akaangusha sufuria ya maharage. Watu walikuwa wanashikana mabega. Nami nilicheka, na mtoto wangu yuko nyumbani hapumui vizuri. Mwili wa binadamu ni kitu cha ajabu. Shehe akasema kwa kuwa rambirambi zimefika mapema, yeye ataziona akiwa hai, ni neema ambayo wafu hawapati. Ile sanda akaipokea, akashukuru, akaitunza.

Walitaka kurudi na sufuria zao. Nani atawaruhusu? Mama wa Kichanja alisimama kwenye mlango wa ua, mikono kiunoni. "Hapana. Mukae. Tutakula wote. Lakini kabla ya kula, kila mutu atazame juu."

Watu wakatazama juu.

"Munaona nini?"

"Moshi," mtu akasema.

"Na katika kartie hii munaona moto?"

Walianza kutazamana. Baadhi walitembea wenyewe hadi nyumbani kwake, wakaingia nyuma, wakashika fito za vichanja vitatu, baridi. Walipoondoka jioni ile walikuwa mashahidi kuliko karatasi yoyote. Kesho yake wakaja wengine, wanasema wamekuja kuangalia, na wao pia na sufuria. Siku tatu za njaa zikageuka kuwa karamu. Sijawahi kula kuku mara nyingi hivyo ndani ya wiki moja. Mzee aliyesema bora kukohoa akapendekeza tuongeze siku mbili.

Siku ya tatu mbingu ilikuwa ileile. Jua jekundu, ndege ilizunguka ikarudi. Kituoni foleni haikupungua. Shefu akavua kofia yake mbele ya watu akasema, "Mama, samahani. Moshi hii haiko yako." Watu wakapiga vigelegele. Mama akaitikia kwa kichwa kama malkia, akavaa miwani.

Lakini kuna kitu nyumbani kwangu nilikuwa nimekificha. Siku ya pili mke wangu aliniambia kwa sauti ndogo, "Kifua chake hakilii sana." Nikamwambia nyamaza. Ni kweli, mtoto alikuwa bado anakohoa, lakini ile filimbi ilikuwa imepungua, alikuwa amenyonya, alikuwa amelala bila kukalishwa. Siku ya tatu asubuhi alicheka. Nilijua maana yake. Nikaona haya kusema: nimemtukana mama mbele ya mji mzima, ameshinda, sasa niende kumwambia kwamba nusu ya nilichosema kilikuwa kweli? Nikanyamaza.

Alasiri hiyo, vigelegele vimeisha, nilimsikia upande wa pili wa ua. "Baba Mwamini."

"Naam, mama."

"Mutoto yako hakulia leo."

Niliinama nikaanza kunyoosha matete ya ua.

"Niko na pua, lakini niko na masikio pia. Moto yangu ikiwaka, nasikia kile kifua mpaka hapa. Siku tatu hizi sikukisikia." Akavuta tumbako. "Moshi kubwa si yangu. Ile ya ng'ambo, nitaifanya nini? Lakini moshi ndogo iko yangu. Hiyo naiweza."

Hakuwasha tena. Alikuwa ameshinda mbele ya shefu, mbele ya Shehe, mbele ya kartie mbili, na hakuwasha tena. Wiki ileile akaajiri vijana, wakang'oa miti na fito, wakavipeleka vichanja nje ya mji, upande wa machweo, kwenye njia ya kwenda mtoni, ambako upepo wa kiangazi ukivuma unaubeba moshi kwenda porini. Mimi nilibeba fito kwa pikipiki, safari sita, na safari zote sita alikuwa ananitukana. Usidhani alihama kwa moyo mweupe! Alinung'unika mwaka mzima. Miguu inauma, jua kali, hakuna mtu wa kusengenya naye. "Kule kwangu nilikuwa nasikia ndoa za watu," aliniambia. "Hapa nasikia nyani." Akikutana na Mwamini njiani anamwambia, "Wewe ndiye ulinifukuza nyumbani," na anampa kipande cha samaki.

Na hakuusahau ule moshi mkubwa. Yule mchuuzi wa dagaa alimpatia namba ya mwanamke mmoja wa Kigoma, muuza samaki mwenzake, na mama akaanza kumtumia sauti kwa simu ya mjukuu. Alikuwa anapiga kelele kwenye simu kana kwamba ziwa lote liko katikati na yeye ndiye anayelivuka. "Dada! Asalam aleikum! Mimi ni mama wa Kasongo, nauza kambale! Moshi yenu imefika! Tumeipokea! Sasa muipunguze!"

Jibu lilikuja siku mbili baadaye, sauti laini, ya upole. "Wa aleikum salaam mama yangu. Pole sana. Jamani, hata sisi huku tunakohoa, wanangu wote vifua vimebana. Wanachoma huku ndiyo, lakini na mwingine unatoka kusini, wanasema hadi Zambia."

Alisikiliza mara nne. Kisha akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Sasa Zambia namujua nani?" Lakini tangu siku hiyo wakawa marafiki. Kiangazi kikifika wanaulizana, huko mbingu imefungwa? Huku imefungwa. Watoto wanaendeleaje? Na zawadi za dagaa zikaanza kuja, nami nikawa naagizwa kupeleka kambale hadi Salamabila waendelee safari. Kambale wanene wote; kwa yule dada hakuficha wembamba chini.

Mara ya mwisho kukaa naye kitako ilikuwa kiangazi kilichopita. Nilimpeleka Mwamini, sasa ana miaka saba, ana meno mawili yanayokosekana mbele na maneno mengi. Tulitembea kwa miguu kutoka mjini, pikipiki ilikuwa kwa fundi, na mtoto alikimbia sehemu kubwa ya njia. Mbingu ilikuwa imefungwa kama kawaida ya mwezi wa nane. Nilimkuta mama kwenye kigoda, amekonda. Alikuwa anakohoa kikohozi kirefu, cha ndani, na baada yake anapumzika kabla ya kusema. Infirmiye amemwambia aache moto. Amemjibu kwamba moto nao umuache yeye.

Mwamini akaenda kugeuza samaki. Nikaona ni wakati. Nikasema, "Mama, yale maneno niliyosema kwa shefu. Nakuomba radhi. Sikuwahi kukuomba."

"Maneno gani? Mimi nilikuwa nakula karanga."

"Mama."

Akavua miwani. Akayasema yote, neno kwa neno, watoto wetu anawakausha, wajukuu kwa vifua vya watoto wetu, na sauti yangu ile ya hasira aliiga vilevile. Niliinamisha kichwa. Machozi yalinitoka, siyo ya moshi.

"Ulikuwa baba ya mutoto mugonjwa," akasema. "Mutu wa namna ile hana adabu, na mimi sikumuuliza adabu. Futa uso, mutoto asione."

Nilikuwa nafuta uso wakati mwanamke mmoja alipopanda kutoka bondeni. Kijana, simjui, kikwembe kimefungwa kwa haraka, mtoto mchanga mgongoni. Mji umekua; watu wameanza kujenga hata upande ule uliokuwa pori. Hakusalimia.

"Ni wewe mwenye moshi hii? Inaingia kwangu asubuhi mpaka magaribi! Mutoto yangu hapumui! Munakaa hapa munakausha samaki, sisi tukufe?"

Nilisimama. Nilikuwa na mengi ya kumwambia yule mwanamke: kwamba hajui anasema na nani, kwamba huyu alihama kwake kwa ajili ya mtoto asiye wake, kwamba atazame juu aone moshi wa kweli uko wapi. Nilifungua mdomo.

"Nyamaza, Baba Mwamini," akasema Mama wa Kichanja. Akamgeukia yule mwanamke. "Karibu, mwanangu. Huyu mutoto alianza lini?"

Mwanamke akasita. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, ukakosekana. "Tangu Jumapili."

"Kifua inalia?"

"Inalia."

"Nyumba yako ni ipi?"

"Ile ya chini. Yenye mabati mapya."

Mama akavaa kandambili, akashika goti, akainuka. Akaniambia nitoe kuni chini ya kichanja cha kwanza, nizimwagie mchanga, na za hivyo viwili vingine nizitoe baadaye. Nikamwambia mama, pumzika, nitaenda mimi kuangalia. Akaniambia mimi sijui kunusa.

"Twende," akamwambia yule mwanamke. "Unionyeshe inaingilia wapi."

Wakaanza kushuka. Mimi na Mwamini tulikuwa tunavuta kuni na kumwaga mchanga, nami kila mara nainua macho. Alisimama kupumua, akakohoa, akaendelea. Aliposimama mara ya pili, yule mwanamke alirudi nyuma hatua mbili, akamshika mkono, wakashuka pamoja polepole.